Jicho Lililohesabu Mbuzi wa Tache

Sentensi yenyewe haikuwa kwenye kitabu. Hilo Mwalimu Natabo alikuja kulihakikisha baadaye, alipokipekua kitabu cha sayansi cha Gredi ya Tano ukurasa baada ya ukurasa akitafuta pa kutupia lawama, asipate. Aliitunga mwenyewe, papo hapo, mbele ya watoto arobaini na wawili, asubuhi moja ya Agosti, mwaka ule ambao shule zilifunguliwa Julai kwa sababu ya korona.

Walikuwa nje uwanjani, hapo Kulamawe, naye ameshika kopo la maziwa ya unga lililofungwa kamba ndefu. Alikuwa amelitia maji nusu. Akawaambia watoto wasogee mbali, akalizungusha juu ya kichwa chake kwa nguvu zote, na maji hayakumwagika hata tone. Watoto wakapiga mayowe.

"Kopo linataka kukimbia," akawaambia huku akihema, "lakini kamba inalivuta. Setelaiti nayo inataka kukimbia, dunia inaivuta. Ndiyo maana haianguki wala haipotei. Hata mwezi ni hivyo hivyo."

Mpaka hapo alikuwa mwalimu mzuri, na laiti angekoma hapo leo kusingekuwa na la kusimulia. Lakini aliona macho yale yote yamemkodolea, akanogewa, na mtu akishanogewa hatosheki na chumvi kidogo. Aliweka kopo chini, akanyoosha kidole kwenye anga ambayo haikuwa na wingu hata moja.

"Na hii setelaiti ina jicho. Inaona kila kitu. Saa hii inaangalia mbuzi wa babake Racho huko malishoni, inawahesabu mmoja mmoja. Hata yule anayechechemea inamwona!"

Darasa zima likaangua kicheko na kumgeukia Racho. Racho hakucheka. Alikuwa amekaza macho juu, na midomo yake ilikuwa inacheza polepole kana kwamba naye anahesabu. Kisha akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo setelaiti inajua mathenge?"

Lilikuwa swali la mtoto wa mfugaji. Mathenge ni mti uliojaa kandokando ya laga, ule mto wa msimu, pale Kulamawe. Nchi ikikauka hadi mawe yakaonekana kama mifupa, mathenge bado ni kijani kibichi, na mbuzi wakishinda wanatafuna maganda yake meno yanaoza. Racho alitaka kujua kama jicho la juu linaweza kutofautisha kijani cha mathenge na kijani cha nyasi. Natabo hakujua. Angesema hajui, watoto wangemsamehe.

"Inajua kila kitu," akajibu, na kengele ikalia.

Ni vizuri kumwelewa huyu mwanamke kabla ya kumhukumu. Natabo alikuwa Mturkana wa Chechelesi, mjini Isiolo, mtoto wa mama muuza makaa na wa Ekuam, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Kabla ya kuwa mlinzi, Ekuam alikuwa na ng'ombe. Ukame uliwamaliza akiwangojea wapone, akatembea hadi mjini na fimbo yake na kigoda chake, basi. Natabo alikua akimwona baba yake ameketi mlangoni pa duka la watu jioni, anautazama mwezi mwandamo na kusema mwezi huu umelala vibaya, au huu una maji. Alimpenda sana baba yake, na tabia ile aliichukia. Aliamini kwamba kama kungekuwa na mtu wa kumwambia Ekuam mapema kinachokuja, angehama na ng'ombe wake wangepona. Kwa hiyo setelaiti kwake haikuwa mada ya mtihani. Ilikuwa kitu ambacho kingemwokoa baba yake, kikachelewa miaka arobaini.

Tena kulikuwa na Tache Roba, babake Racho. Huyu alikuwa Mborana mrefu, mkavu, mwenye mbuzi mia moja na ishirini na nne na ng'ombe kumi na sita, na watoto sita ambao wakati huo hakuna aliyewahi kukanyaga darasani. Natabo alimwendea mara tatu kumwomba Racho. Mara mbili alipewa chai na kurudishwa. Mara ya tatu Tache akamwambia, "Mwalimu, hiyo kitabu yenu inaweza kuniambia mvua iko wapi? Siku itaniambia, nitaleta watoto yote." Kisha, labda kwa kuchoka, akamtoa Racho mmoja. Msichana alianza shule akiwa na miaka minane na akawapita wote. Swali lile la Tache lilimkaa Natabo rohoni miaka mitatu, nalo linaeleza mengi ya kilichofuata.

Septemba chifu aliita baraza. Alikuja kijana mmoja wa kaunti na tableti mkononi, akaeleza kwamba mvua ya Oktoba ina dalili mbaya, na kwamba safari hii misaada haitagawanywa kwa kujuana. Setelaiti itapiga picha, itaonyesha wapi pamekauka, na pale ndipo malori ya nyasi na maji yatakapoelekezwa. Wazee walinong'ona. Tache akasimama.

"Hiyo jicho ya juu, mimi nikihama, itanifuata?"

Kijana akacheka kwa heshima. "Hapana, mzee. Inaangalia mahali, haiangalii mtu. Mahali pakikauka, hapo tunaleta nyasi. Mwalimu wenu yuko hapa, yeye atawaelezea vizuri."

Watu wote wakamgeukia Natabo. Maisha yake yote hakuwahi kugeukiwa namna ile na wazee wa watu wasio wake. Akasimama, kichwa kikamvimba, akasema kwamba ni kweli, setelaiti ipo, yeye mwenyewe anawafundisha watoto wao habari zake. Aliketi akiwa na furaha tele. Alimwona Tache akitikisa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeelewa hesabu.

Mwisho wa mwezi ule majirani wakaanza kuhama. Walipakia mikeka na vibuyu juu ya ngamia na punda, wakaelekea upande wa mto Tana, kama walivyofanya baba zao kila nchi ilipobadilika rangi. Waliomuuliza Tache ataondoka lini aliwajibu kwamba yeye hahami. Aondoke ili lori lije likute majivu ya moto wake? Racho alikuwa amemletea neno kutoka shule, na kaunti ikalisema neno lilo hilo barazani. Midomo miwili isiyojuana imesema kitu kimoja, mtu atake nini tena?

Natabo alisikia kwamba boma la Tache limebaki, akadhani ni ukaidi wa mzee. Alipata habari kamili katikati ya Oktoba. Alikuwa amewaambia watoto waeleze jambo moja la sayansi wanalolitumia nyumbani. Mmoja akasema sabuni, mwingine akasema kuchemsha maji. Racho akasimama amenyooka, uso wake unang'aa kwa fahari.

"Baba ametoa mikeka na miba yote juu ya zizi ya wale wadogo. Ameweka wazi ndiyo setelaiti isikose hata mmoja. Na saa sita mbuzi wote wanasimama pale kwa uwanja. Mimi nawahesabu kila asubuhi, naandika. Jana walikuwa mia moja kumi na saba."

Akaonyesha daftari lake. Nyuma ya daftari kulikuwa na safu ya namba, nadhifu kabisa, inayoanza na mia moja ishirini na nne na kuteremka.

Jua la Kulamawe la saa sita halina huruma hata kwa mtu mzima, seuze kwa mwanambuzi wa wiki tatu asiye na kivuli. Natabo akaanza kusahihisha palepale, haraka haraka. Setelaiti haihesabu mbuzi. Iko mbali sana, inaona rangi tu ya nchi. Mbuzi hawaonekani kabisa.

"Lakini ulisema, mwalimu," Racho akasema.

"Nilikuwa nawatania."

Watoto wakacheka. Racho akaketi, akalifunga daftari lake.

Racho alimfuata Natabo wakati wa kwenda nyumbani, wakasimama wawili nyuma ya tangi la maji, ambalo lilikuwa tupu tangu Jumatatu.

"Mwalimu, usimwambie baba."

"Lazima nimwambie, Racho. Wanakufa."

"Ukimwambia ilikuwa utani, atanitoa shule. Kila mtu alimwambia ahame, akakataa kwa sababu yangu. Mwalimu, tafadhali. Mvua itakuja tu."

Hapa ndipo Natabo alipokosea mara ya pili, na kosa hili halikuwa la kunogewa. Alikuwa ameliona waziwazi. Upande mmoja kulikuwa na mbuzi na ng'ombe wa mtu, upande wa pili msichana bora aliyewahi kumfundisha. Katikati, kama tusemezane ukweli, kulikuwa na Natabo mwenyewe na aibu yake. Angesimamaje, Mturkana, mwanamke, mbele ya mzee aliyemkataa mara mbili kisha akamwamini, amwambie kwamba alichoamini ni mzaha? Akamshika Racho bega, akasema watangoja kidogo.

Wakangoja. Asubuhi Racho alikuwa akiingia darasani na kupita karibu na meza ya mwalimu, anataja namba kwa sauti ndogo kama anayetoa salamu. Mia moja na nane. Mia moja na mbili. Tisini na nane. Natabo aliitikia kwa kichwa na kuanza somo. Ijumaa moja jioni kulitokea wingu upande wa kusini, zito, jeusi tumboni, na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Natabo alitoka nje ya chumba chake cha kupanga, akapiga magoti mchangani na kumshukuru Mungu kwa sauti. Wingu likapita. Jumatatu Racho alisema themanini na tisa, na kwamba ng'ombe wanne hawasimami tena bila kuinuliwa mkia.

Tai walikuja. Mwanzoni walikuwa wakizunguka juu sana, kisha wakazoea, wakawa wanatua kwenye uzio wa shule na kuwatazama watoto wakicheza. Watoto wa madarasa ya chini waliwarushia mawe, tai wakasogea hatua mbili na kukaa tena. Darasa la Natabo lilikuwa limebaki na watoto kumi na tisa. Aliacha kulala vizuri. Kila alipofumba macho alimwona Ekuam na kigoda chake.

Siku Racho aliposema sabini na moja, Natabo alipiga simu ofisi ya kaunti. Alitaka aende kwa Tache akiwa na kitu mkononi, hata kama ni ahadi ya lori moja. Alimpata kijana yule yule wa barazani.

"Kulamawe?" kijana akauliza. Akaitafuta kwenye tableti. "Mwalimu, kwa ramani yetu nyinyi mko sawa. Kando ya laga yote ni kijani. Magari yameenda kwingine."

"Hiyo ni mathenge! Hakuna nyasi hapa, hata ya kufungia mzigo!"

"Naelewa, madam. Lakini ramani haijui mathenge."

Natabo alibaki ameshika simu iliyokatika. Msichana wa miaka kumi na moja alimuuliza jambo hilo mwezi wa nane, kwa maneno yale yale, naye akamjibu ili kengele isimkute hana jibu.

Alikwenda siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, kwa miguu. Harufu ilimfikia kabla ya boma. Mizoga ilikuwa imekokotwa na kupangwa upande wa magharibi, mikubwa kwa midogo, na hakuna aliyejishughulisha kuichuna. Zizi la wanambuzi lilikuwa wazi kabisa juu, na ndani yake hamkuwa na kitu. Mikeka iliyotolewa ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa kando, ikingoja kurudishwa. Tache alikuwa amechuchumaa karibu na ng'ombe aliyelala, anamlisha kwa mkono vipande vya boksi la katoni vilivyoloweshwa maji ya chumvi.

"Salaam aleikum, mzee Tache."

"Aleikum salaam, mwalimu. Karibu. Chai hakuna leo, maziwa imeisha."

Natabo hakuketi. Aliogopa kwamba akiketi atashindwa. Alisema yote kwa pumzi moja. Sentensi ya uwanjani, na kwamba haikuwa kitabuni, na kwamba jicho halijawahi kumwona mbuzi hata mmoja, na kwamba yeye alijua wiki tano zilizopita akanyamaza, na kwamba lori haliji. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. Racho alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, anamsikiliza kila neno.

Tache aliendelea kumlisha ng'ombe mpaka kipande kikaisha mkononi.

"Mimi nilichinja mbuzi mwezi ya tisa," akasema. "Nikaangalia matumbo, vile baba yangu aliangalia. Shehe hapendi, lakini niliangalia. Matumbo iliniambia toka hapa, mbio." Akapangusa mikono kwenye kikoi. "Nikajiambia, Tache, wacha ujinga. Sasa wewe uko na mtoto anasoma."

Natabo alitamani atukanwe. Alitamani mzee anyanyue fimbo.

"Tuhame sasa," akasema. "Nitaomba gari, nitatafuta..."

"Na hii miguu?" Tache akamwonyesha ng'ombe kwa kidevu. "Hii miguu haifiki hata kisimani. Nenda, mwalimu. Jua inashuka, fisi hapa siku hizi haiogopi mtu."

Akainuka kwa taabu, akamgeukia binti yake. Natabo alijua kinachokuja. Alikuwa amekiona kichwani wiki tano nzima, ndicho kilichomziba mdomo, na sasa kingekuja hata hivyo, baada ya mifugo kufa.

"Racho. Kesho utaenda shule."

Msichana akamtazama ng'ombe aliyelala.

"Utaenda," Tache akasema. "Hii imebaki haiwezi kutembea, hakuna kitu ya kuchunga tena, utakaa ukifanya nini? Lakini mwalimu akikuambia kitu, uliza kwanza kama ni kweli ama ni utani. Uliza kila mara. Mimi sikuuliza."

Mwezi wa Desemba ulipokwisha, Tache alikuwa amebaki na mbuzi tisa, ng'ombe hapana. Familia ilihamia kibanda cha mabati karibu na soko, na mama yake Racho akaanza kuuza chai kwa madereva wa malori. Tache alishinda ameketi nje ya kibanda. Natabo alipopita alimsalimu, naye aliitikia vizuri, bila kinyongo, na Natabo aliharakisha hatua kila mara.

Racho hakukosa shule hata siku moja. Alikaa dawati la mbele, na alifanya alichoagizwa. Natabo aliposema mwezi hauna mwanga wake wenyewe, unaakisi wa jua, mkono uliinuliwa.

"Hiyo ni kweli, mwalimu, ama ni utani?"

"Ni kweli, Racho."

Ndipo aliandika. Natabo aliposema watu wamefika mwezini wakatembea juu yake na kurudi salama, mkono ukainuliwa. Aliposema kuna chombo kinachotembea chenyewe kwenye sayari nyingine, kinapiga picha za mawe, mkono ukainuliwa. Mwanzoni wenzake walicheka, kisha wakaacha, kisha nao wakawa hawaandiki kitu mpaka Racho ajibiwe. Kalamu kumi na tisa zilikuwa zinangoja hewani. Racho hakuuliza kwa ufidhuli. Aliuliza kwa adabu, kama mtoto mtiifu, na Natabo aliona afadhali apigwe kofi. Siku hizo alitayarisha masomo hadi macho yakauma, akahakikisha kila neno mara mbili, na chochote asichokuwa na hakika nacho alikiruka. Kopo na kamba alivifungia kabatini.

Mwishoni mwa Februari darasa lilifika mada ya hali ya hewa. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba picha za setelaiti zinaonyesha mvua ya Machi itafika maeneo ya Isiolo. Huko sokoni wanaume waliokuwa na mbuzi wachache walikuwa tayari wanabishana kama wangoje au waondoke, na mmoja wao alikuwa Tache na tisa wake. Natabo aliisoma habari hiyo darasani kama alivyoisikia, bila kuongeza wala kupunguza neno.

Mkono wa Racho ukainuka.

"Mwalimu, baba amenituma. Anauliza hiyo ni kweli ama ni utani."

Natabo alitazama nje. Uzio wa shule ulikuwa na tai watatu, na ng'ambo ya uzio, kandokando ya laga, mathenge ilikuwa kijani kibichi.

"Sijui," akasema. "Mwambie mwalimu amesema hajui."

Racho akainama, akaliandika jibu hilo.